Rangefinda ya kuwindia: angalia rangi ya namba kabla hujaangalia mita

Msimu wa kuwinda hapa Tanzania unafunguliwa Julai na kila mwaka ikikaribia simu yangu inajaa swali lile lile, dada nataka rangefinda ndogo ya mfukoni, kile kifaa cha kupima umbali wa mnyama kwa leza, ninunue ipi. Safari hii nimeona niandike yote mahali pamoja maana malalamiko yamezidi na karibu yote ni ya aina moja. Kijana mmoja anayejifunza kazi ya mwindaji bingwa, yule anayeongoza wateja porini, kule pori la Rungwa kanitumia voisi ndefu, kakasirika kweli. Kanunua kifaa cha kampuni inayojulikana, boksi limeandikwa 1000, mchana kinapiga hadi kichuguu cha mbali bila shida. Jioni sasa, mteja yuko kwenye stiki, vile vijiti vya kuegemeza bunduki, nyati dume kasimama mbele ya kichaka, kijana anabonyeza, kifaa kinapima, na yeye haoni namba. Namba ipo. Ila ni nyeusi, imekaa juu ya mnyama mweusi, kwenye kivuli cheusi.

Hii ndo kasoro ambayo karibu hakuna muuzaji anaitaja na mimi nitaiongelea mpaka mnichoke. Rangefinda nyingi za bei ya kati na karibu zote za bei ya chini zinatumia skrini ya LCD, na LCD haitoi mwanga wake yenyewe, inachofanya ni kuziba mwanga unaopita, kwa hiyo namba unayoiona ni kivuli tu. Saa saba mchana kwenye nyasi zilizokauka kivuli hicho kinasomeka safi kabisa, na ndo maana dukani kila mtu anaridhika. Sasa niambie sisi tunawinda saa saba mchana? Wanyama wanatembea alfajiri na jioni, nyati anatoka malishoni anarudi kichakani kukiwa kunapambazuka, chui ndo usiseme, anakuja kwenye chambo jua likiwa limeshazama au linakaribia. Yaani kifaa kinakataa kusomeka saa ile ile uliyokinunulia.

Na kuna la pili watu hawalijui, ile LCD iko kwenye njia ya macho yako muda wote, inakula sehemu ya mwanga hata kama hujabonyeza kitu, kwa hiyo picha yenyewe inakuwa na giza zaidi kuliko darubini yako ya kawaida. Hivi vifaa vidogo tayari vina kioo kidogo cha mbele, milimita 20 hadi 25. Chukua ya milimita 20 inayovuta mara 6, mwanga unaofika jichoni ni duara la milimita 3 na kidogo, wakati mboni ya jicho jioni imefunguka hadi 5 au zaidi. Ukitoa tena unaoliwa na LCD unabaki na nini?

Wengine wataniambia dada mbona zipo LCD zenye taa ya nyuma. Zipo, ila kwenye nyingi nilizoshika ukiwasha hiyo taa sehemu yote ya kioo inageuka rangi ya machungwa na mnyama anapotea humo humo. Sio suluhisho.

Unachotaka ni namba nyekundu zinazowaka zenyewe, LED au OLED, na ziweze kupunguzwa mwanga, ama zijipunguze zenyewe. Hapo kwenye kupunguzwa usipapite haraka, nyekundu ikiwaka kwa nguvu gizani inakupofusha, unatoa jicho pale unahamia kwenye teleskopu ya bunduki huoni kitu kwa muda. Na kama kupunguza kwenyewe kunataka ubonyeze vitufe viwili kwa mpangilio fulani huku umechuchumaa kwenye kibanda cha kumvizia chui, hutabonyeza.

Mambo ya kuzuia maji na uzito sitayagusa, zote za kampuni za maana ziko sawa tu. Kurekebisha pembe ya mlima wanakosifia kwenye matangazo nako ukiwa Rungwa au Maswa hakukusaidii sana, mteremko wa nyuzi 15 kwenye mita 300 unakupa mita 290, ni kitu kidogo. Umbali mkubwa nao hivyo hivyo. Ile namba ya kwenye boksi ni ya kitu kinachoakisi kama kibao cha barabarani, manyoya ya mnyama yanarudisha mwanga kidogo sana, mara nyingi nusu ya hapo au pungufu. Na nyati unampiga chini ya mita 100. Kule Longido kwenye uwazi ndo unakutana na swala granti au pofu kwenye 250, 300, na hapo kipimo kinahitajika kweli kwa sababu risasi ya .375 H&H yenye uzito wa grein 300, bunduki ikiwa imerekebishwa kupiga katikati kwenye yadi 200, ikifika yadi 300 imeshashuka kama sentimita 25 hadi 30, huo ndo umbali kati ya moyo na vumbi. Kwa hiyo kifaa kinachompima mnyama kwa uhakika kwenye mita 400 kinakutosha maisha.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni Leica Rangemaster, ile CRF, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Leica. Hawa ndo walitoa Geovid mwaka 1992, darubini ya kwanza ya raia yenye kipimo cha leza ndani, na inaonekana walishalijibu hili swali la jioni zamani. Namba ni nyekundu za LED, zinajirekebisha zenyewe kufuata mwanga wa nje, kioo cha mbele milimita 24 kinavuta mara 7, na picha haina ule ukungu wa LCD. Ukipata CRF 2400-R hata iliyotumika kwa wateja wanaorudi kwao na kuacha vitu kambini, chukua usiulize mara mbili. Ile 2800.COM ina bluetooth na hesabu za risasi, nzuri kwa wanaopiga mbali, kwa kazi yetu mimi nisingelipia hiyo nyongeza. Bei ni kubwa, najua, inauma.

Namba mbili naiweka Nikon Monarch 3000 Stabilized. Namba nyekundu za OLED zinazojirekebisha, halafu ina kitu cha kutuliza picha isitetemeke. Mtu ambaye hajawahi kutembea kilomita nyingi nyuma ya nyayo huku mbung'o wanamng'ata shingoni hawezi kuelewa thamani yake, ukisimama mapigo ya moyo yanaonekana kwenye kioo na doa la leza linarukaruka kati ya mnyama na kichaka cha nyuma yake.

Baada ya hapo Sig Sauer, familia ya Kilo, zile zenye OLED wanayoiita Lumatic, nayo inajipima mwanga. Zinapima haraka ukiacha kidole kwenye kitufe ukamfuata mnyama anayetembea. Leupold RX-1400i naipenda kwa udogo na namba zake nyekundu, na kwa kuwa inavuta mara 5 tu kwa milimita 21 mwanga unaofika jichoni ni mwingi kuliko unavyotegemea. Vortex Razor HD 4000 ni kifaa kizuri sana na dhamana yao ya maisha haitaki hata risiti, ila kabla hujafurahia piga hesabu ya kukisafirisha mpaka Wisconsin kule Marekani na kukirudisha.

Bushnell Prime 1800 naitaja kwa sababu moja, ile skrini yao ya ActivSync inabadilika kutoka nyeusi kwenda nyekundu mwanga ukipungua. Angalau kuna mtu pale kiwandani aliwaza kuhusu jioni. Kama bajeti haifiki Leica, hii ndo ningemwambia mdogo wangu anunue.

Za bei rahisi zisizo na jina, zile za mtandaoni, sina mengi. Namba nyeusi, na nyingi ni za gofu. Kama unataka kupima umbali wa kibanda hadi chambo mchana, sawa, itakufanyia.

Na hapo kwenye gofu nina hasira. Rangefinda ya gofu imetengenezwa ishike kitu cha kwanza inachokutana nacho, kile kibendera, isishike miti ya nyuma. Porini kitu cha kwanza ni nyasi. Unampima kongoni unapewa mita 38 za majani yaliyo mbele yako. Ya kuwindia inapaswa kupuuza cha mbele na kukupa cha nyuma, Bushnell wanaita Brush mode, Nikon wanaita distant target. Muuzaji anajua, boksi lina picha ya mpira wa gofu, anabandika stika juu yake anakuambia kaka hii ya porini hii. Mwingine anakuuzia 1000 anasema mita wakati ni yadi, na yadi 1000 ni mita 914, hata ile 2400 ya Leica ni yadi, kwa mita ni kama 2200. Bora ukose hizo mita za kwenye boksi kuliko kifaa kisomeke 300 kwa yadi wewe ukidhani ni mita, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ingia kwenye menyu weka M.

Bei nazo. VAT ni asilimia 18, ushuru upo, usafiri upo, hayo nayaelewa, lakini mtu anachukua bei ya Marekani anaizidisha mara mbili halafu risiti hatoi na dukani hataki uguse kifaa mpaka ulipe. Kataeni. Nenda dukani saa kumi na mbili jioni, mwambie mtoke nje, elekeza kwenye tairi la gari lililo kivulini au mtu aliyevaa koti jeusi, bonyeza. Kama namba haisomeki hapo mrudishie. Akikataa kutoka nje pesa yako unayo bado.

Halafu betri. Nyingi nilizozitaja zinatumia CR2 ya volti 3, ile nene fupi. Sio CR2032, ile bapa ya rimoti ya gari, na ukisema CR2 kwenye maduka mengi ndo hiyo bapa unaletewa kwa kujiamini kabisa. Nunua mbili za akiba ukiwa Arusha au Dar, zifungue uziweke kwenye kifaa uone zinawaka, ndo upande gari.