Dawa ya Gundi ya Nyuki: Inafaa Kitaluni, Shambani Haitoshi

Chupa ya mililita 250 ya dawa ya gundi ya nyuki, inayouzwa shilingi 15,000 katika duka moja la mazao ya nyuki mjini Mbeya, imeandikwa kuwa huzuia ukungu wa kila aina kwenye nyanya na viazi mviringo. Dai hilo limepita kiasi, ingawa dawa yenyewe si ya kubezwa.

Gundi hiyo ni utomvu ambao nyuki huutoa kwenye machipukizi na magome ya miti, wakauchanganya na nta ili kuziba nyufa za mzinga. Ndani yake mna flavonoidi na asidi za fenoli, yaani kemikali za asili za mimea, ambazo katika majaribio ya maabara zimedumaza kuvu kadhaa, wakiwemo Botrytis cinerea anayeozesha matunda na Alternaria anayeleta bakajani tangulia, ugonjwa wa madoa ya majani. Bakajani chelewa ni habari nyingine: kimelea chake, Phytophthora infestans, si kuvu halisi, hivyo majaribio hayo hayathibitishi kwamba dawa inakizuia, na ndicho kinachomtia hasara mkulima wa viazi wa Uyole au Njombe mvua zinapokolea. Kumwuzia mkulima huyo chupa hii kama kinga kamili si haki.

Kitaluni niliridhika nayo. Miche ya nyanya haikupata kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la miche michanga, ila tuta lilikuwa limeinuliwa vizuri na halikutuamisha maji, kwa hiyo sifa zote siwezi kuipa dawa. Gundi haiyeyuki vizuri katika maji, ndiyo maana hutolewa kwa spiriti; ukiichanganya na maji hugeuka kama maziwa, na usipoichuja kwa kitambaa nozeli huziba. Ni busara kuijaribu kwanza kwenye majani machache, kwa sababu spiriti ikizidi huyaunguza.

Kinachonikera zaidi ni lebo. Haitaji kiasi cha gundi kilichomo, ilhali gundi ya mizinga ya miombo ya Chunya haitarajiwi kulingana na ya mizinga iliyo jirani na misonobari ya Sao Hill, kwani kila mti una utomvu wake. Namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu pia sikuiona. Zaidi ya hayo, maelekezo yanataka mililita 20 kwa kila lita ya maji, yaani mililita 320 kwa bomba la kunyunyizia la lita 16: chupa nzima haitoshi hata bomba moja, na ekari ya viazi huhitaji mabomba mengi kila mnyunyizo.