Uzoefu wangu na LibriVox: Dickens na Voltaire kwa njia ya masikio

Mtu aliyetoka shuleni akiamini kwamba fasihi ya kale ya Kiingereza na Kifaransa ni mzigo wa mitihani, huduma ninayompendekezea kwanza ni LibriVox. Ni maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya kusikiliza iliyoanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada, ambamo watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani. Hulipi ada, huhitaji kujisajili ili usikilize, na unasomewa kitabu kizima, bila kufupishwa. Nimeitumia kwa lugha zote mbili, na imenirudishia waandishi ambao darasani niliwasoma kwa ajili ya kujibu maswali tu.

Nilianza na Great Expectations, riwaya ya Charles Dickens. Katika sura ya kwanza, mtoto Pip yuko peke yake makaburini walikozikwa wazazi wake, mara anaibuka mfungwa aliyetoroka, chuma kikubwa kikiwa mguuni, anamkamata kidevu, kisha anampindua kichwa chini miguu juu ili vilivyomo mifukoni vidondoke. Kinachodondoka ni kipande cha mkate, naye anakila kwa pupa huku mtoto akitetemeka juu ya jiwe la kaburi alipoketishwa. Dickens aliyaandika maneno ya mfungwa huyo kwa tahajia inayofuata matamshi yake, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Lakini yakitamkwa na msomaji anayeijua lafudhi ile, maana hujitokeza yenyewe, na hofu ya mtoto pia.

Usikilizaji wa sura moja moja unazifaa sana riwaya hizi, kwa sababu nyingi zilizaliwa hivyo. Great Expectations ilitoka kwa vipande kila wiki katika jarida la Dickens mwenyewe, All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, na kila kipande kilipaswa kumfanya mnunuzi alitamani toleo lijalo. Dickens pia alikuwa akipanda jukwaani kuwasomea watu kazi zake, Uingereza na Marekani. Ukijua hilo, sentensi zake ndefu hazichoshi tena, maana unatambua kwamba ni sentensi za mtu aliyejua mahali pa kuvuta pumzi.

Kwa Kifaransa nilichagua Candide ya Voltaire, ya mwaka 1759, yenye sura 30 fupi fupi. Kifaransa changu ni cha darasani, hivyo nilifungua maandishi yake katika Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya kusoma, ambayo nayo ni bure, nikawa nafuatisha kwa macho huku nikisikiliza. Sura ya 19 sitaisahau. Karibu na mji wa Surinam, Candide, mhusika mkuu, anamkuta mtumwa mweusi amelala chini, hana mguu wa kushoto wala mkono wa kulia. Mtumwa anaeleza kwamba kinu cha sukari kikimnasa mtumwa kidole, hukatwa mkono. Akijaribu kutoroka, hukatwa mguu. Na kwamba hiyo ndiyo bei ya sukari inayoliwa Ulaya. Msomaji hakuigiza huzuni, aliisoma kwa utulivu ule ule wa mtumwa mwenyewe, na hapo nikaelewa kwa nini Candide, aliyefundishwa kwamba kila jambo duniani ni jema, anaingia mjini akilia. Kitabu kinachosifiwa kwa vichekesho vyake kinabeba ushahidi huo, na sikio huupokea kabla macho hayajapata nafasi ya kuuruka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba LibriVox haimkatai mtu wa kujitolea kwa sababu ya sauti au lafudhi yake, na kitabu kimoja huweza kuwa na matoleo kadhaa. Sikiliza dakika chache za kila toleo ndipo uchague. Kwa kitabu chenye majibizano mengi, kama Pride and Prejudice ya Jane Austen, tafuta toleo la maigizo ambamo kila mhusika ana msomaji wake. Mzozo wa Bwana na Bibi Bennet katika sura ya kwanza unanoga zaidi hivyo. Faili hupakuliwa, kwa hiyo ukiwa na intaneti ya bure mahali fulani, beba kitabu kizima na kulinda bando lako.

Kwa kuwa karibu vitabu vyote ni vya zamani, hata tafsiri za Kiingereza za waandishi wa Kifaransa ni za zamani, nyingine zikiwa na Kiingereza kizito kuliko Kifaransa chenyewe. Mwenye Kifaransa kidogo namshauri aende moja kwa moja kwenye asili. Sasa hivi ninasikiliza Le Comte de Monte-Cristo ya Alexandre Dumas, yenye sura 117, na kwa safari ndefu kiasi hicho ni vyema kuchagua toleo la msomaji mmoja.