Uji wa wimbi (ulezi) au chai na chapati: asubuhi tule nini?

Huu mjadala hapa Kampala hauishi, kila mtu anavutia kwake. Mimi naangalia mwili, muda na pesa.

Kwa mwili uji wa wimbi uko mbele, tena mbali, maana wimbi lina kalsiamu karibu miligramu 340 kwenye gramu 100, nafaka chache sana zinafika hapo, halafu nyuzinyuzi zake zinakushibisha mpaka mchana. Na ukiuchachusha kama bushera, kinywaji cha nafaka cha watu wa Ankole na Kigezi kule kusini magharibi mwa Uganda, mwili unapata madini ya chuma vizuri zaidi, wakati chai ukiinywa pamoja na chakula inayapunguza hayohayo madini, mama mjamzito alifikirie hilo jamani. Ila ukijaza sukari vijiko vinne, faida nyingi umeitupa.

Muda chapati inashinda, unaikuta kando ya barabara imeshaiva, unakula unaenda zako. Uji unataka kukoroga, na wimbi lisipooshwa vizuri kabla ya kusagwa utatafuna mchanga.

Pesa inategemea. Familia kubwa, kilo moja ya unga inaenda mbali, lakini ukiishi peke yako na makaa ni ghali, chapati na kikombe cha chai vinaweza kuwa nafuu.

Kwa hiyo mtu wa boda anayetoka alfajiri simlaumu, aongeze tu yai au maharage. Mwenye watoto nyumbani, au anayesumbuliwa na choo kigumu, abandike sufuria. Mwenye kisukari apime kiasi kotekote, uji nao ni wanga.