Friwili ya Phoenix kwenye gurudumu la mtumba la gia sita: uzoefu wangu

Niligeuza gurudumu la nyuma la mtumba la gia sita liwe la gia moja. Friwili (meno ya nyuma yanayozunguka bure usipopiga pedali) ya Phoenix ya meno 18, ile ya baiskeli nyeusi za mizigo, ndiyo kifaa pekee nilichonunua pamoja na cheni pana. Bei yake ni chini ya bei ya tairi moja. Kama kifaa naipa alama nzuri: inabeba mzigo, haina makelele, na kila fundi wa mtaani anaijua. Lakini wauzaji wanaposema "unafunga tu", wanaruka kazi yenyewe. Kazi iko kwenye washa za ekseli na spoki.

Kwanza hakikisha gurudumu lako lina friwili ya kufunga kwa nyuzi, si kaseti (seti ya meno inayochomekwa badala ya kufungwa kwa nyuzi). Zungusha meno kinyumenyume na utazame katikati: kama mdomo wa kuingizia kifaa cha kufungulia unazunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti na friwili hii haitaingia. Ukikaa tuli, ni friwili. Nyuzi za kawaida ni kipenyo cha inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi, na magurudumu mengi ya mtumba ya Japani yako hivyo. Habu (kitovu cha gurudumu) za zamani za Kifaransa zina nyuzi tofauti kidogo. Ukilazimisha unaua habu.

Kutoa friwili ya zamani: ingiza kifungulio, kishikilie kwa nati ya ekseli isiyokazwa sana, bana kifungulio kwenye jiriwa, kisha zungusha gurudumu lote kama usukani, kinyume cha saa. Ikilegea nusu mzunguko, ondoa nati kwanza, vinginevyo unaweza kukata ekseli. Huna kifungulio? Sahani ya usoni mwa friwili yenye vitundu viwili hufunguka kwa kuelekea saa, yaani nyuzi zake ni za kushoto. Tandika kitambaa chini, maana gololi ndogo zitamwagika kama mtama. Kiini kinachobaki kinabanwa kwenye jiriwa na kutolewa. Friwili hiyo haitatumika tena.

Paka grisi kwenye nyuzi za habu, anza kufunga mpya kwa mkono, mizunguko mitatu minne. Ikiwa ngumu mapema, imeingia mshazari, rudisha.

Sasa ndipo tatizo linapoonekana. Friwili ya gia moja ni nyembamba na imekaa ndani kabisa, karibu na spoki, wakati sproketi (duara la meno) ya mbele iko nje. Kwangu tofauti ilikuwa milimita 8 kwa sproketi ya kati ya meno 38. Milimita 2 cheni inavumilia. Nane hapana: inakwaruza, inakula meno na kuruka ukisimama kwenye pedali.

Dawa ni kuhamisha washa zenye unene wa jumla wa milimita 8 kutoka upande wa cheni kwenda kushoto. Upana wote wa habu haubadiliki, ila habu nzima inasogea kulia. Kwa kuwa ekseli imefunguliwa, toa gololi, kawaida 9 kila upande, safisha, weka grisi mpya, na hakikisha ncha za ekseli zinatokeza sawa pande zote mbili.

Ringi nayo imesogea kulia milimita 8, kwa hiyo irudishe. Legeza spoki zote za kulia nusu mzunguko, kaza za kushoto nusu mzunguko, ukianzia kwenye tundu la pampu ili usipotee. Rudia. Kwangu ilichukua kama mizunguko miwili kila upande. Kupima, geuza gurudumu kulia-kushoto ndani ya fremu: ringi ikikaa umbali uleule, iko katikati. Faida hapa ni ya kweli, kwani mvuto wa spoki za kulia na kushoto unakaribia kulingana, na gurudumu linakuwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani. Hasara: spoki za kushoto zinaweza kuchomoza ndani ya ringi. Zisugue kwa tupa na urudishe mkanda wa ringi kabla ya tyubu, la sivyo pancha haziishi.

Cheni ya gia ni nyembamba na haikai kwenye meno mapana ya friwili hii. Inapanda juu yake. Nunua ile pana ya inchi 1/8, ambayo kwenye sproketi ya mbele ya zamani inakaa bila shida. Acha mchezo wa sentimita moja hivi katikati. Fremu yenye mfereji wa ekseli unaolala inakuruhusu kuvuta gurudumu nyuma. Mfereji ukiwa wima, usitupe gia ya nyuma: ibakize ivute cheni tu, na skrubu zake za kikomo ziizuie isitoke kwenye mstari.

Meno 38 kwa 18 kwenye gurudumu la inchi 26 yanakupeleka kama mita 4.4 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Tambarare ni raha, mlima wenye abiria nyuma ni wa kushuka na kukokota. Mbele ukiwa na meno 32 tu, chukua friwili ya 16.

Kasoro ya friwili yenyewe: nyingine hazina pengo la kifungulio, zina vitundu viwili tu, hivyo siku ya kuzitoa utazivunja. Igeuze uitazame kabla ya kulipa. Kucheza kidogo pembeni inapozunguka ni kawaida yake.