Cádiz kwa siku moja: uzoefu wangu

Treni kutoka Sevilla hadi Cádiz, mji wa bandari kusini mwa Hispania, huchukua takriban saa moja na dakika arobaini, na kituo cha mwisho kiko mlangoni mwa mji wa kale. Teksi ya nini? Ukitembea polepole, nusu saa inatosha kukatiza vichochoro hadi ufuo wa La Caleta upande wa pili.

Anzia Torre Tavira. Ni mnara wa karne ya 18, wa enzi ambazo wafanyabiashara walipanda juu ya mapaa kuzitazamia meli zao kutoka Amerika. Ndani kuna chumba cha giza: kioo na lenzi zilizo juu huangusha picha hai ya mji kwenye sahani kubwa nyeupe, hadi unaona nguo zikipepea kambani. Watu huingia kwa zamu, hivyo kata tiketi mapema na uulize zamu ya lugha unayoielewa. Lifti hakuna. Mawingu yakitanda picha hufifia, kwani hakuna taa wala umeme unaoitengeneza, ni mwanga wa jua mtupu. Siku kama hiyo tangulia kanisa kuu.

Kanisa hilo lilijengwa kuanzia 1722 hadi 1838. Nyavu zilizotandazwa chini ya dari si mapambo: chumvi ya bahari inakula mawe, na vipande hudondoka.

Chakula cha mchana ni saa nane. Ukifika saa sita utakuta jiko halijawashwa. Agiza tortillitas de camarones, vibamba vyembamba vya unga na uduvi mzima na maganda yake, vilivyokaangwa kwa mafuta mengi. Huliwa vikiwa moto. Vikipoa hulegea na kunuka mafuta. Samaki akiuzwa kwa uzito, uliza bei kabla hajapimwa. Jumatatu usimtarajie samaki mbichi, maana Jumapili wavuvi wengi hupumzika.

Levante, upepo wa mashariki, ukivuma, mchanga wa ufuo wa Playa de la Victoria hukuchapa miguu. Kimbilia La Caleta, inayokingwa na mji wenyewe. Angalia pia maji: yakipwa, miamba hujitokeza na kuogelea kunakuwa kazi.

Machweo ya hapo ni mazuri kweli, ila Juni jua huzama karibu saa nne kasoro robo usiku. Hakikisha kwanza saa ya treni ya mwisho ya kurudi Sevilla.