Mshumaa wa Pasaka: nta ya nyuki, parafini au plastiki ya mafuta?

Mshumaa wa Pasaka ni ule mkubwa unaowashwa kanisani usiku wa Kesha la Pasaka. Aina hizi tatu ndizo zinazouzwa sana kwenye maduka ya vifaa vya kanisa.

Ya plastiki, yenye kikopo cha mafuta ndani, iacheni dukani. Waraka wa Roma wa mwaka 1988 kuhusu adhimisho la Pasaka unataka mshumaa wa nta halisi, mmoja, mkubwa wa kutosha, na mpya kila mwaka. Upya huo una maana yake. Kwenye Kesha hilo, padri akishachora msalaba juu ya mshumaa, huandika Alfa juu na Omega chini, kisha tarakimu za mwaka katika pembe nne: ya kwanza juu kushoto, ya pili juu kulia, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia. Kila tarakimu ina neno lake: nyakati zote ni za Kristo, karne zote pia, utukufu na enzi ni vyake, milele na milele. Mwaka huuhuu tunaoishi unakiriwa kuwa ni wa Mfalme. Plastiki haichoreki.

Parafini ni nafuu, ila mingi huja na msalaba na tarakimu za kubandika. Joto likizidi, stika hujikunja kingo. Tena parafini ngumu hupasuka padri anapochomeka chembe tano za ubani kwenye msalaba huo. Toboeni kwanza kwa msumari uliopashwa moto, juu, katikati, chini, kushoto, kulia.

Nta ya nyuki ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Huyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi 62 hadi 65 hivi, hukubali ncha ya kisu bila kumeguka, na Mbiu ya Pasaka yenyewe, wimbo wa kuusifu mshumaa huu katika Kesha, inaitaja kazi ya nyuki. Kwaruzeni kitako kwa ukucha: isiponukia asali, huenda imechanganywa. Kasoro yake kubwa, mbali na bei, ni utambi. Ukiwa mwembamba, moto huchimba shimo katikati na kuzama kwenye nta yake. Chagueni utambi mnene wa pamba iliyosukwa, mkaukate ubaki nusu sentimita kabla ya kuwasha. Unga mweupe juu ya nta si ukungu. Futeni kwa kitambaa laini.

Msinunue mfupi. Baada ya Pentekoste unahamia penye kisima cha ubatizo, na utawaka kwa kila mtoto anayebatizwa na kando ya kila jeneza, mpaka Kesha lijalo.