Contra ya kaseti vs Contra ya mashine ya sarafu: nimezipiga zote, hii ndo bora

Naanza na jibu kwa wavivu wa kusoma: ukinunua Contra Anniversary Collection, mkusanyiko wa gemu za Contra zile za kukimbia na kupiga risasi, fungua kwanza Contra ya Famicom (konsoli ya Nintendo ya Japani), ile ya Kijapani, ya arcade, yaani ya mashine ya sarafu, utaikuta tu baadaye haiendi kokote. Hiyo ya Famicom ndo Contra bora kuliko zote nilizowahi kushikia pedi, na hapo nahesabu hadi ile mama yake.

Koleksheni yenyewe kampuni ya Konami, wenye Contra, waliitoa 2019, ipo PS4, Switch, Xbox One na PC, mimi ninayo kwenye Switch. Bei kamili dola 19.99 ila subiri ofa maana huwa inashuka. Ndani kuna Contra za miaka ya 80 na 90 kama zilivyotoka, hawajazipaka rangi mpya, halafu kitu kizuri ni kwamba gemu moja wameiweka kwa matoleo tofauti, ya mashine, ya Marekani, ya Japani, so unalinganisha mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kochi bila kutafuta mikonsoli ya mwaka 47.

Sasa wengi wetu Contra tumeijulia kwenye tivii gemu, zile konsoli za Kichina zenye kaseti imeandikwa gemu elfu sijui ngapi, ukifungua menyu unakuta ni Contra, Mario na vifaru vinajirudia kwa majina tofauti mpaka mwisho wa listi. Ile konsoli ni kopi ya Famicom ya Nintendo. Na Contra niliyokuwa naipiga mimi ilikuwa toleo la Marekani la NES (ndo jina la Famicom huko), la 1988, unalijua fasta tu: ukiwasha hakuna stori, unapewa jina la gemu na wale majamaa wawili, unabonyeza start uko msituni. Ukifika steji ya theluji, theluji iko chini imelala tu, hewani hakuna kitu.

Fungua ya Famicom uone. Kwanza inaanza na stori ya picha, kila ukimaliza steji unaletewa ramani ya kisiwa inakuonyesha umefika wapi. Pale msituni steji ya kwanza ile minazi nyuma inatikisika na upepo. Steji ya theluji, theluji INADONDOKA jamani, inapita mbele yako wakati unakwepa risasi. Na kule mwisho kabisa ndani ya tumbo la yule mdudu, kuta zinapumua. Gemu ileile, mwaka uleule 1988, ramani zilezile, adui wanatokea palepale ulipowazoea, ila hii imevaa nguo kamili. Sababu ni kaseti, Wajapani Konami waliwawekea chip yao wenyewe inaitwa VRC2 ndani ya kaseti ambayo inabadilisha michoro kwa haraka, kaseti za Marekani zikatengenezwa kwa bodi za kawaida za Nintendo so mapambo yote yakaachwa Japani. Maandishi ni ya Kijapani kweli, lakini Contra nani alikuwa anasoma maandishi?

Arcade sasa. Ndo ilitoka ya kwanza, 1987, na wengi watakwambia ndo orijino so ndo bora. Mimi nakataa. Michoro yake ni mikubwa na ina rangi nyingi hilo sibishi, na haina ule mwako mwako wa kaseti, maana Famicom inaweza kuchora vipande 8 tu kwenye mstari mmoja wa kioo, mkiwa wawili na wote mna ile silaha ya S inayotawanya risasi picha inaanza kumeta, watu na risasi vinapotea vinarudi. Arcade haina hilo tatizo. Lakini kioo chake kilisimama wima, kirefu kwenda juu, so mbele huoni mbali, adui anachomoka pembeni na tayari yuko puani. Zile steji za ndani, zile unaangalia mgongo wa jamaa wako anaingia korido, zina saa inahesabu. Kuanzia theluji mpaka mwisho wameunganisha kama steji moja ndefu, wakati kwenye kaseti waligawa zikawa steji 8 kila moja ina bosi wake na muda wa kupumua. Na inaeleweka, mashine ile kazi yake ilikuwa kula sarafu, kadiri unavyokufa ndo mwenye mashine anakula. Kaseti umeshailipia, inabidi ikupe raha. Nadhani ndo maana waliitengeneza upya badala ya kuihamisha vilevile, na wakafanya vizuri zaidi.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa huku kitawasumbua mwanzoni: spidi. Tivii zetu zilikuwa za PAL, mfumo wa picha wa huku, na zile konsoli za PAL zilikuwa zinatoa picha 50 kwa sekunde badala ya 60 za Japani na Marekani, na kwa sababu gemu inahesabu mwendo wake kwa picha, kila kitu kilikuwa pole kwa kama asilimia 17, risasi, kuruka, mpaka muziki unaburuza. Ukifungua kwenye koleksheni inakwenda kwa spidi kamili, unaona kama kuna mtu anaisukuma gemu ikimbie. Mimi steji ya maporomoko nilikuwa naipanda huku naongea na watu, humu nikawa nakufa kama mgeni. Tivii flati nazo zina uvivu wao, unabonyeza kuruka picha inachelewa kidogo, washa ile game mode ya tivii yako kabla hujatupa pedi.

Na hayo maporomoko, steji ya 3, bado ni steji ya kugombanisha ndugu. Kioo kinapanda na yule aliye juu, aliyebaki chini kioo kikimpita kafa, hata kama hajaguswa na risasi. Hapo ndo unajua umekaa na mtu wa aina gani. Mdogo wangu yeye anapanda tu haangalii nyuma, ukimuuliza anasema "si uruke broo".

Chiti ya laifu 30 ipo na inafanya kazi: juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, halafu start, mkiwa wawili mnabonyeza select kwanza. Hii chiti ilianzia kwenye Gradius, gemu nyingine ya Konami, 1986, iliwekwa na Kazuhisa Hashimoto, mtengenezaji wa gemu wa Konami, kwa sababu gemu ilikuwa ngumu kwake kuijaribu, Contra ndo iliisambaza dunia nzima. Ukiona aibu kuitumia, kuna kusevu popote, ni chiti hiyohiyo imevaa tai.

Zilizobaki nazipitia haraka. Ya Game Boy ni fupi, ya mtu mmoja, nzuri ukiwa kwenye daladala. Contra III ya Super Nintendo, 1992, ni moto, isipokuwa zile steji za kuangalia kutoka juu ambapo dunia nzima inazunguka, mimi zinanipa kizunguzungu. Matoleo ya Ulaya wao watu walibadilishwa wakawa maroboti na gemu ikaitwa Probotector, sababu ya sheria za Ujerumani kuhusu gemu za kuua watu. Roboti utawakuta humu kwenye Super Probotector na ile Probotector ya Mega Drive, konsoli ya Sega. Nimecheza kidogo, risasi zilezile lakini ukipiga roboti haina ladha.

Contra Hard Corps ya Mega Drive, 1994, hapa angalia sana unachofungua. Ya Marekani ukiguswa mara moja umekufa, ya Japani unavumilia mpaka mapigo matatu. Gemu ni ngumu kupitiliza, mabosi wanapokezana hawaishi, so ya Marekani ni adhabu. Ya Kijapani ililetwa na apdeti ya bure baadaye, hakikisha umeishusha, mimi ndo nilimaliza nayo na sijutii.

Kinachokosekana ni kucheza wawili kwa mtandao, hakuna kabisa. Mwenzako inabidi aje hapo hapo na pedi yake, so kama marafiki zako wa Contra wako Mwanza na wewe uko Dar, subiri likizo au cheza mwenyewe. Kwa bei ya ofa chukua, kwa bei kamili chukua kama tu uliwahi kuipenda ile ya kaseti, maana asiyeijua atakufa mara kumi steji ya kwanza na kurudi kwenye FIFA yake.